Seli Iliyoitwa Mama

Kwa miaka kumi na moja Bi Tanuri alianza siku kwa njia ile ile. Alivaa koti jeupe na glavu, akachukua dirishani seli ya umeme wa jua, kipande cha silikoni kisichozidi kiganja cha mtoto, akakilaza chini ya taa kubwa iliyofanya kazi ya jua. Akazungusha kitasa cha taa taratibu mpaka mita isome 132. Hapo taa ilihesabiwa kuwa jua kamili, na seli nyingine zote zikapimwa kwa mwanga huo.

Kipande hicho walikiita Mama. Alikitengeneza mwenyewe, maabara kuu ya vipimo ikakipa cheti kwamba chini ya jua kamili kinasoma 132, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Sanduku la Mama alilitumia kuwekea kalamu. Mama alikaa dirishani, mahali pa kutazamika.

Jina la Bi Tanuri alipewa na wanafunzi, kwa kuwa alikesha na tanuri la kuchomea seli kuliko alivyokesha na watu. Mama yake mzazi alizikwa siku ambayo tanuri lilikuwa limefika nyuzi mia tisa. Alisema haliwezi kuzimwa katikati, atakuja kesho. Kesho yake alikuta viti vinarudishwa vilikoazimwa.

Sasa alibakiza wiki tatu astaafu. Ijumaa chuo kingefanya sherehe na kutangaza kwamba seli yake inageuza kuwa umeme asilimia ishirini na nne nukta moja ya mwanga unaoipata. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameahidi kuja na mkewe na watoto. Alikuwa hajawahi kukanyaga maabara ile.

Jumanne fundi wa mitambo aliingia na kisanduku cheusi.

"Dokta, mgeni wako amefika. Seli mpya ya kupimia, ile uliyoniambia niagize kwa ajili ya atakayerithi kiti chako."

"Iweke hapo."

"Huitazami? Kipya kinyemi ingawa kidonda."

"Wewe na methali zako. Haya, ilete."

Taa ilikuwa tayari imepimwa kwa Mama. Aliiweka seli mpya mahali pake. Cheti chake kilisema isome 128. Mita ilisema 137.

"Waya hizo," alisema.

Fundi alibadilisha waya. 137. Wakabadilisha mita. 137.

"Labda mgeni ana kiherehere," fundi alisema.

Bi Tanuri hakucheka. Alimwinua Mama kwa kibanio, akamweka juu ya karatasi nyeupe. Plastiki iliyofunika silikoni ilikuwa imegeuka rangi ya chai nyepesi. Jua la dirishani liliichoma siku baada ya siku, naye alipita mbele yake kila siku akiitazama. Kadiri Mama alivyofifia, ndivyo alivyoongeza taa ili mita irudi 132. Na kadiri taa ilivyoongezeka, seli zake zote zikaonekana zinapanda daraja.

Alipiga hesabu pembeni mwa cheti. Kwa jua la kweli, seli yake ya Ijumaa ilifika ishirini na mbili nukta tano tu. Mwaka ambao Mama alikuwa mpya, seli zake zilifika ishirini na mbili nukta nne.

Miaka kumi na moja, na hatua yenyewe sehemu moja ya kumi ya asilimia moja.

Fundi alisoma begani kwake, akashusha sauti. "Dokta, mimi nimeleta kisanduku tu. Kinaweza kusubiri wiki tatu bila kufunguliwa."

"Atakayekuja atakifungua."

"Wewe utakuwa umeshakwenda."

"Na wanafunzi wake watapoteza miaka wakikimbiza namba isiyokuwepo. Mimi nimekwisha kupoteza yangu. Inatosha."

Aliandika barua ya kuondoa matokeo, mistari sita, bila kumlaumu mtu. Alipoituma, alimpigia mdogo wake.

"Dada! Watoto wanauliza kama wataruhusiwa kushika hiyo seli."

"Sherehe haipo. Nilikosea kupima."

"Si mtarekebisha?"

"Nimesharekebisha. Ndiyo maana haipo."

Alisikia mtu akifunga bomba la maji upande wa pili.

"Kwa hiyo tusije?"

Neno *njooni* lilimfika kooni. Lakini hakujua watu huja kutazama nini mahali pasipo na seli ya kuonyesha.

"Safari ndefu," alisema. "Msijisumbue."

"Haya, dada. Siku nyingine, basi."

Fundi alikuwa bado amesimama, kisanduku kitupu mkononi. "Ungemwambia aje tu."

"Aje kwa nani?"

"Kwako."

Bi Tanuri alilivuta karibu sanduku la kalamu. Fundi alikiacha kisanduku mezani, akatoka.

Alimwaga kalamu, akamlaza Mama ndani ya sanduku lake la zamani, akafunga kifuniko. Kisha akaweka seli mpya chini ya taa na kuzungusha kitasa kwa kukirudisha nyuma mpaka mita isome 128. Chumba kilififia kidogo tu, kiasi ambacho aliyekuwa akizungumza na mwenzake asingekiona. Yeye alikiona.

Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika tarehe, akachukua seli ya kwanza.