Upande wa Nyuma wa Shuka

Sinema ya Mulji pale Mbeya haikuwa na paa. Ilikuwa uwanja nyuma ya duka lake, ukuta pande zote, na katikati nguzo mbili za mkaratusi zilizobeba shuka kubwa jeupe. Mwanzoni Mulji alilitundika shuka ukutani, akashangaa kuona wanawake wanaishia langoni. Akaelezwa kwamba kwa Wanyakyusa mke hatazamani na baba wa mumewe, hasemi naye, wala jina lake halitamki. Mkwe akiketi humu, yeye ataketi wapi? Mulji hakubishana na mila ya watu, maana mwenye duka hafukuzi nusu ya wateja. Akazisogeza nguzo katikati ya uwanja. Wakwe wakakaa mbele, kwenye mabenchi. Wake wa wana wao wakakaa nyuma ya shuka, kwenye majani, na kila upande ukawa na lango lake.

Tusekile aliupenda upande wa nyuma. Ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza, mwanga wa mashine ulipenya shuka ukawaangukia wanawake usoni, farasi wakapita juu ya vichwa vyao, maji ya nchi za mbali yakatiririka mapajani mwao. Upepo ukivuma, shuka lilijaa na watu wote wa sinema wakanenepa, ukitulia, wakakonda. Mtu hakujua kama amelala au yu macho, na kwa kweli hakujali.

Lakini jioni ile ya mwaka 1955 Tusekile hakuja kuota. Mumewe, Yotamu, alikwenda migodini kusini, akanyamaza miaka minne. Wenzake waliorudi hawakuwa na habari zake. Baba yake, Mzee Asukile, alichoka kungoja, na ukoo ukakubaliana: mavuno yakiisha watamwekea Yotamu matanga, kisha Tusekile arithiwe na shemeji yake. Tusekile hakumchukia shemeji. Shida ni kwamba alimpenda mumewe. Ndipo ikasikika kwamba Mulji ameleta mkanda wa migodini, uliopigwa mwaka ule ule, na mtu mmoja aliyeutazama Iringa akaapa kwamba Yotamu yumo.

Aliketi na wifi yake Marta, dada wa Yotamu. Injini ikanguruma, shuka likawaka. Wanaume wakatoka shimoni wamejaa vumbi, wakagawiwa chai. Mmoja wao akaegemea toroli akacheka, na kicheko kikaanzia mabegani kabla ya kufika mdomoni. Tusekile akamshika Marta mkono. Hivyo ndivyo alivyocheka Yotamu.

Kisha mtu yule akainua kikombe akanywa. Kwa mkono wa kulia.

Yotamu alikuwa mashoto. Alichapwa utotoni, akasemwa kanisani, akachekwa siku ya harusi yake, na bado alilima, alikula na alisalimia kwa kushoto. Sikio la kufa halisikii dawa, watu walisema, wakamwacha.

"Si yeye," Tusekile alisema. "Amefanana naye tu." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mbele ya shuka sauti ya mzee ikasema, "Huyo ni mwanangu."

Tusekile akainama, maana hata sauti ya mkwe husikilizwa kichwa kikiwa chini. Marta akazunguka mbele mbio, akarudi.

"Taata anasema ni kaka. Eti kikombe amekishika kwa kushoto."

"Mimi nimeona kulia, wifi. Macho yangu hayana kasoro."

"Na yeye anasema hivyo hivyo."

Marta, kwa kuwa alikuwa binti wa mzee, pande zote mbili zilikuwa zake. Akaenda akasimama kwenye nguzo, akachungulia mbele, akachungulia nyuma, tena na tena, mpaka watu wakaanza kunong'ona.

"Huku nyuma ni kinyume," akasema hatimaye. "Toroli linalokwenda kulia kule, huku linakwenda kushoto. Wifi, sisi siku zote tunaona kinyume."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akakumbuka ugomvi wake na mumewe juu ya gari moshi lilikoelekea, akaanza kucheka, na majani yote yakacheka naye.

Tusekile hakucheka. Miaka minne alikuwa ameishi kwa maneno ya watu: huyu kasikia hivi, yule kaambiwa vile. Sasa alitaka kumwona mumewe mwenyewe, jinsi alivyo. Mkanda ulikuwa umekwisha, na Mulji alikubali kuurudia. Lakini atapitaje mbele, na mkwe yuko pale? Mzee naye hakuweza kuja nyuma. Kule walikaa wake wa wanawe wengine. Kutoka nje ampishe pia ilikuwa taabu, maana miguu yake ilikuwa mibovu. Marta akalipeleka kwa baba yake ombi la Tusekile kupita mbele, akiwa na hofu.

Mzee Asukile alikuwa amemngoja mwanawe miaka minne, na amemwona kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Mwambie apite," akasema. "Mimi leo sina macho."

Akalivuta blanketi lake, akajifunika kichwa chote.

Tusekile akaja ameinama, akapita mabenchi, akasimama mbele ya shuka. Huku picha ilikuwa kali, haikuchujwa na nguo. Yotamu akatoka shimoni. Alikuwa amekonda, na paji la uso lilikuwa na kovu asilolijua. Akaegemea toroli. Kikombe kilikuwa kushoto. Furaha ikamjaa Tusekile.

Nyuma yake, chini ya blanketi, mzee akauliza, "Anacheka?"

Swali lilikuwa la Marta kujibu. Lakini Marta alikuwa analia, sauti haikumtoka, na picha ilikuwa inapita.

"Anacheka, baba," Tusekile akajibu.

Benchi zima likashtuka. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mkwe wake neno. Akaziba mdomo kwa kiganja, akangoja aadhibiwe.

Blanketi halikufunuka. Lilitikisika tu, likatikisika, kisha likatulia.

"Basi," mzee akasema, "tutamngoja."