Breki ya Mama Kabla ya Saa Sita

Mimi ni fundi bomba, na sipendi mtu anifundishe nati. Ndiyo maana nilipomsikia shemeji akicheka mlangoni pa banda la nyumbani kwa wazazi, damu ilinichemka.

"Shemeji, hilo si bomba la choo," alisema. Ni mume wa dada yangu, fundi pikipiki, na miaka kumi hii hatujawahi kusalimiana bila kuchokozana. "Hako kaskrubu kamelala humo tangu wewe unanyonya. Kaache kapumzike."

"Nenda ukaninunulie kapya, halafu urudi umefunga mdomo."

Akaenda, bado anacheka. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo.

Mambo yalikuwa hivi. Mama ni mkunga mstaafu, na pikipiki iliyokuwa mbele yangu kaiendesha miaka thelathini, jua na mvua, kwenda kuzalisha watoto wa watu. Mwezi uliopita breki ya mbele ilikataa kushika kwenye kona, akaingia kwenye ua wa jirani, akatoka na majani kichwani na goti limevimba. Mama alicheka. Baba hakucheka hata kidogo. Akaliita gari la vyuma chakavu lije kuichukua pikipiki leo saa sita. Mama alipomlilia, akalegeza kamba kidogo tu: "Breki ikishika kabla gari halijafika, ibaki. Isiposhika, iende, na tusisikie tena habari zake."

"Nikiikosa hiyo, mimi ni kuku aliyefungwa mguu," mama aliniambia asubuhi kwenye simu. Sijawahi kumsikia mama yangu akiniomba kitu kwa sauti ile. Nilibeba mkoba wa vifaa, nikaja mbio.

Sasa, kwenye nyumba ya breki, kile chuma kinachobana gurudumu, kuna kaskrubu kadogo kenye tundu katikati. Ndiko kanakotoa upepo. Upepo ukibaki ndani ya mafuta ya breki, mtu atabana mkono wa breki mpaka achoke na gurudumu litaendelea na safari yake. Kaskrubu hako kalikuwa kameshikwa na kutu, hakasogei. Nikaifungua nyumba nzima ya breki, nikaiweka mezani, nikaibana kwenye jiliwa. Nikashika spana, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Ka!

Kichwa cha skrubu kilirukia chini ya meza. Nusu nyingine ilibaki ndani, imekatika usawa mmoja na uso wa chuma, hakuna pa kushika.

Halafu nikaelewa nilichofanya, na nusura nijipige kofi. Nati za sinki hunipa mgongo. Nazipapasa kwa nyuma, kwa hiyo mkono wangu umezoea kuzungushia kulia ili zilegee. Hii ilikuwa inanitazama usoni kabisa! Nilikuwa naikaza. Kosa hilo fundi pikipiki hawezi kulifanya, wala mtoto wa shule. Ni kosa la fundi bomba mwenye haraka.

"Imetoka?" mama aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia ngumu tayari mapajani.

"Imevunjika, mama. Nimeivunja mimi."

Aliitazama meza, akanitazama mimi. "Mtoto akikwama, mkunga halii," alisema. "Anabadilisha mkao. Haya, badilisha."

Jamani, mama yangu! Nikacheka huku machozi yananilenga, nikaanza upya. Tuliondoa pistoni na mipira yote, tukafuta kila tone la mafuta ya breki, maana hayo na moto havipatani. Nikachukua drili na kutoboa taratibu kulifuata lile tundu la katikati, lililokuwa linanionyesha njia. Halafu nikawasha mtungi wangu wa gesi, ule ninaounganishia mabomba ya shaba, nikapasha moto chuma cha pembeni, si skrubu yenyewe. Mama alidondosha maji kwa ncha ya kidole. Tone likachachatika, likatoweka.

"Mshumaa!"

Akanipa. Nikaugusisha pale skrubu inapokutana na chuma, nta ikayeyuka na kunywewa ndani yote ili ilainishe kutu. Nikajipa moyo. Nikachukua tupa ndogo kuukuu, nikaugongomea mkia wake wenye pembe nne ndani ya tundu, nikaubana na koleo.

Saa tano na nusu. Shemeji alirudi na kaskrubu kapya mkononi, na mipira na mafuta ya breki kwenye mfuko, akaona, akanyamaza. Mara ya kwanza katika miaka kumi!

"Kaza kidogo kwanza," alinong'ona.

"Najua."

Nikakaza unywele. Nikalegeza unywele. Nikakaza, nikalegeza. Mara nikasikia mlio mwembamba, kii, na mkia wa tupa ukageuka. Ukageuka kweli, kuelekea kushoto!

"Unakuja! Mama, unakuja!"

"Usisukume kwa pupa!" mama alipiga kelele, amesimama, kofia imebingirika sakafuni. "Taratibu, taratibu, haya!"

Kipande kikatoka kizima, cheusi na kinanuka nta. Shemeji alinikumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi, na mama akatukumbatia sote wawili. Tulifanya kelele za arusi, kwa ajili ya kipande cha chuma kisichofika urefu wa kucha.

Kilichobaki tulikifanya kama wendawazimu wenye mpangilio. Kusafisha, mipira mipya, kaskrubu kapya, mafuta mapya. Mama akibana mkono wa breki na kuushikilia, mimi nafungua, mapovu yanatoka, nafunga. Bana, fungua, funga. Mara ya ishirini hivi, mkono ukawa mgumu. Tukaijaribu mara tano ndani ya uwanja na gurudumu likasimama kila mara.

Honi ikalia nje. Gari la vyuma chakavu lilikuwa limefika, dakika kumi kabla ya saa sita.

Baba alitoka ndani, akaenda kusimama katikati ya barabara, chini ya mteremko. "Njoo," alimwambia mama. "Kama ni breki, usimame mbele yangu."

"Baba, toka hapo!" nilipiga kelele.

Hakutoka. Mama alivaa kofia, akapanda mteremko na pikipiki mpaka juu, akageuka, akashuka nayo kuelekea kwa baba. Baba alifumba macho. Gurudumu la mbele likashika, pikipiki ikainamisha pua, ikasimama hatua tatu kamili mbele yake.

Baba aliendelea kufumba macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwezi mzima hakuwa na hasira na pikipiki. Alikuwa na hofu.

"Fumbua, mzee," mama alisema. "Nimesimama."

Akafumbua. Akapima zile hatua tatu kwa macho, akafuta uso kwa mkono wa shati. Dereva wa gari alichungulia dirishani: "Mzee, mzigo uko wapi?"

Baba alizunguka nyuma ya pikipiki, akainua mguu kwa shida, akakaa, akamshika mama kiuno kwa mikono miwili mbele ya mtaa mzima.

"Twende," alisema. "Na ile kona ya jirani usiikate kwa kasi."