Mabega ya Mwakiro

Mahmudu, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili pale Gitega, alikuwa na miguu ya mtu wa kukaa. Kwa miaka thelathini miguu hiyo ilijua kazi moja, kukanyaga cherehani, na safari moja, kwenda msikitini na kurudi. Ndiyo maana Jumanne alfajiri, alipofunga kanzu yake ndani ya mfuko na kutangaza kwamba anakwenda Muyinga kwa miguu, majirani walicheka mpaka wakakohoa.

"Fundi, mi nakujua," alisema Hidaya, muuza sambusa wa jirani. "Saa mbili utakuwa hapa unaniomba chai."

Mahmudu alitia mfuko begani. Binti yake Farida alikuwa anaolewa Ijumaa baada ya sala ya mchana, huko Muyinga alikolelewa na mama yake tangu talaka, miaka kumi na mitatu nyuma. Baba ndiye wa kumwozesha. Kama asingefika, imamu angesimama mahali pake, na ndoa ingefungwa vizuri tu. Lakini Farida alikuwa amempigia simu wiki iliyopita akamwambia maneno machache: "Papa, safari hii usitume nguo. Ukuje we mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa yalikuwa ya haki. Kila Idi alimshonea binti gauni zuri, akampa mtu alipeleke, akasema yeye amekosa gari. Farida alipomaliza shule, gari hakuna. Alipolazwa kwa malaria, gari hakuna. Tuseme ukweli, gari zilikuwepo. Kilichokosekana ni uso wa kwenda kumtazama mtalaka wake machoni. Na sasa, Mungu ana mambo yake, gari zilikuwa hazipo kweli. Esansi, mafuta ya gari, ilikuwa imekauka mjini wiki ya tatu sasa, mabasi yalilala, na vijana wa teksi-velo, wanaobeba abiria kwa baiskeli, walipoambiwa Muyinga walitazamana tu. Angempigia Farida amweleze nini? Aliyeahidi mara tano na kuvunja mara tano hana haki ya kuahidi mara ya sita. Alizima simu, akaondoka.

Ni kilomita mia moja na kitu, kupanda na kushuka. Kabla hajafika mto Ruvubu, visigino vilikuwa vimechunika. Mtu mmoja aitwaye Prosper, aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyojaa mikungu ya ndizi, alimtazama anavyokanyaga, akacheka, kisha akauchukua ule mfuko na kuutundika kwenye usukani. Alimfundisha kushuka mlima kwa upande, na kutoongea wakati wa kupanda. Kufika Karuzi alimpeleka kwa wakwe zake, wakampa maji ya moto ya kukanda miguu na mkeka wa kulala, na hakuna aliyemuuliza dini yake wala ukoo wake. Mahmudu aliona haya. Yeye dukani kwake alikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni, tena kibovu.

Jumatano ilipita hivyo hivyo, maji kwa huyu, viazi vitamu kwa yule. Alhamisi mchana aliingia Mwakiro, akiwa amebakiza kama kilomita ishirini. Hapo ndipo ujanja wa mtu wa mjini ulipomponza. Aliona kijia kinachokata bondeni, akajiona amekuwa msafiri, akaacha barabara. Kwenye matuta ya mpunga aliteleza, mguu ukabaki kwenye tope na yeye akaanguka upande wa pili. Kifundo kikalia.

Aliyemkuta ni Kasilda, mama wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akipalilia karibu. Alimwegemeza begani mwake mpaka nyumbani, akamkalisha, akampakata mguu akiutazama unavyovimba.

"Haujavunjika, mzee wangu. Ila kutembea usahau kwa siku kumi."

"Mi siwezi kukaa siku kumi, mama," alisema Mahmudu. "Kesho iko ndoa ya mtoto yangu. Muyinga. Ni mi ndo namuoza."

Kasilda na mumewe Sebastiani walitazamana. Wote wawili walikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wakarudi wakubwa, na Kiswahili chao kilikuwa cha Kigoma, kimenyooka. Sebastiani alitoka akarudi na jogoo, akampa Mahmudu kisu kwa upande wa mpini.

"Sisi ni Wakristo," alisema. "Chinja mwenyewe, baba, ule kwa amani."

Jogoo alikuwa mmoja tu pale nyumbani, hilo Mahmudu aliliona. Alichinja, wakala wote, na huku akila aliwasimulia kila kitu, hata zile gari zilizokuwepo. Hakujua kwa nini. Labda mtu aliyekupa jogoo wake humfichi aibu yako.

Ijumaa alfajiri alikata fimbo akajaribu. Alifika mwisho wa migomba, hatua arobaini hivi, akakaa chini akalia. Sebastiani alimpandisha kwenye baiskeli. Mguu ukining'inia na njia ikiruka, alipiga kelele mpaka ikabidi ashushwe. Ndipo Kasilda aliposema, "Leteni ingobyi."

Ingobyi ni machela ya kusukwa, yenye miti miwili mirefu. Kila kilima, ndiyo kijiji cha huku, kinayo moja, ya kubebea wagonjwa na wajawazito wenye uchungu, na kila nyumba ina zamu ya kutoa mabega. Sebastiani alisita.

"Ni ya wagonjwa, mama watoto. Watu watasema tumeitoa kwa ajili ya sherehe."

"Mtu ana mahali ambapo lazima afike, na miguu haina. Ugonjwa ni nini zaidi ya hapo?" alisema Kasilda. "Aliyenivusha mimi mto Malagarasi nikiwa mchanga hakumuuliza mama yangu kama naumwa. Hata jina lake hatulijui."

Sebastiani alikwenda kuita majirani watatu.

Walimlaza Mahmudu, wakamfunika kitenge kumkinga na jua, wakaondoka mwendo wa nusu mbio. Kasilda alifuata na mfuko wa kanzu kichwani. Kwenye mpaka wa kila kilima walisimama wanaume wengine, maana habari hutangulia mbele ya ingobyi. Desturi yao haina maneno mengi. Anayeleta husema, "Mtu wetu huyu." Anayepokea hasemi asante wala karibu; hutia bega chini ya mti, na uzito unakuwa wake.

"Anaumwa nini?" waliuliza.

"Anakwenda kuoza binti."

Walicheka, wakatia bega, wakakaza mwendo. Sebastiani hakukubali kupokewa. Mahmudu, akichungulia juu ya kitenge, alihesabu vilima saba, kisha akaacha kuhesabu. Hakuwahi kuwaona watu wakubwa kama hao, na wote walikuwa na matope mpaka magotini.

Waliingia Muyinga watu wakitoka msikitini. Na hapo kukatokea balaa dogo. Wanawake waliokaa mlangoni kwa akina Farida waliona ingobyi inakuja mbio, mtu amelala, nguo imemfunika kama maiti. Nani asiyejua maana yake? Kilio kikapanda, sufuria ikamwagika, mtalaka wake akashika kichwa. Mahmudu alifunua kitenge, akaketi. "Mi mzima," alisema. "Mguu tu."

Farida alitoka ndani na hina yake mikononi, akamtazama, na uso wake haukuonyesha furaha. Miaka kumi na mitatu haifutiki kwa mlango mmoja.

"Umetoka Gitega namna hii?"

"Mpaka Mwakiro kwa mguu. Kutoka pale ni hawa."

Farida aliwatazama. Aliona jasho lao, na bega la Sebastiani lililokuwa limechubuka likatoa damu. Kasilda alimsogezea ule mfuko. Sebastiani, pumzi zikimwishia, alisema alichokuwa akisikia tangu asubuhi: "Mtu wetu huyu."

Wajomba walisogea kumpokea, bwana harusi naye akakunja mikono ya kanzu. Wanawake hawabebi ingobyi, na bibi harusi ndiyo kabisa. Farida aliwapita wote. Aliinama pale mbele, akamwondoa Sebastiani taratibu, akatia bega lake chini ya mti, hina mbichi na yote. Bwana harusi akawahi mti wa pili.

Walipita ukumbini hivyo, imamu akawapisha. Mahmudu alikuwa akilia waziwazi na hakujifuta.

"Kumbe we ni mzito, papa," alisema Farida, na hakumtua mpaka ndani.