Sauti Ndani, Mwenyewe Jikoni

Msiniambie Hilde alikuwa mwizi. Mwizi ningeshamsahau. Hilde alikuja mtaani kwetu Jabe mchana kweupe, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani na kukunja miguu kama sisi, akala pilau kwa mkono na kujilamba vidole. Alitupenda, wallahi, na ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Dada yangu Mwanvua alikuwa somo. Kama hamjui, somo ndiye anayekaa chumbani na bibi harusi kabla hajatolewa, anamfunda mambo ya ndoa kwa nyimbo, na nyimbo zile hazitoki nje. Hata katoto ka kiume kanakonyonya tunakapeleka kwa jirani. Ukishavuka mlango ule huruhusiwi kuziimbia hata puani unapoosha vyombo. Na Mwanvua alikuwa na ulimi usio na haya, jamani! Mabibi harusi walikuwa wanalia kwa kicheko chini ya kanga. Nyumba gani Buyenzi au Jabe iliozesha binti bila kumwita?

Hilde alikuwa Mbelgiji, anakaa Mutanga Sud karibu na chuo kikuu, anasomea nyimbo za watu. Kiswahili alikiokota Lubumbashi. Mwaka wa tisini na tano mji unawaka, mtaa huu unafukuza mtaa ule, wazungu wenzake wanafunga mizigo, yeye anazunguka na kinasa sauti chake.

"Mama Mwanvua," alisema, "vita itamaliza watu na nyimbo zitaenda nao. Tuziweke."

"Hizi ni za wanawake," dada akamwambia.

"Mi pia mwanamuke."

Basi, yakaishia hapo. Sinia likaletwa, mikono ikaingia, na wa Hilde ukaingia. Kwetu, anayekula sinia la chumbani amekuwa wa chumbani, kinywa chake kimefungwa. Haulizwi aape, haandikishwi popote. Hakuna aliyemweleza, kwa sababu hata sisi hatukuwahi kuelezwa, tulizaliwa tukayakuta. Sisi tukajua tumemfunga, yeye akajua ameshiba. Akashukuru sana na kuomba aongezwe ukoko.

Dada aliimba alasiri nzima. Alipofika wimbo wa mwisho, ule wa kumfunua bibi harusi kanga ya usoni, bunduki zikaanza upande wa Kamenge. Wimbo ukakatika katikati. Tukalala chini sote, Hilde amekumbatia kinasa chake tumboni. Wiki ile ile akapanda ndege.

Mwaka uliofuata Halima, mtoto pekee wa Mwanvua, aliuawa njiani kurudi kutoka Ruziba, gari lilishambuliwa. Akatuachia binti yake, Lubna. Dada alimlea kwa kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Jabe, na kila alipomsuka nywele alimwambia maneno yale yale: "Siku yako ikifika, mi ndiye nitakuimbia. Mama yako ameshindwa kufika. Mi apana, mi nitafika."

Halafu siku moja, Lubna ameshakuwa msichana mkubwa, gereji kwa Sulemani, mafundi wako chini ya magari, redio ya nje inapiga muziki wa dunia nzima. Ghafla sauti ya dada yangu hiyo hapo, anamwambia bibi harusi la kumfanya mume anayerudi nyumbani amenuna. Nyundo zikanyamaza.

"Ala! Si Mwanvua huyu?"

Mpaka magharibi wahuni wa barabarani walikuwa wanaupiga wimbo ule kwa mluzi. Dada alipita na beseni lake la ndagala wakamwimbia usoni, wengine wadogo kuliko Lubna. Baadaye tukaletewa kifurushi: CD yenye picha ya dada kinywa wazi, na salamu za Hilde kwamba watu wa Ulaya na Japani wanampenda mno. Mwanvua akaigeuza geuza kama anayekagua samaki wa jana, akaitia chini ya godoro.

Watu wakasema ameuza siri za wanawake kwa dola. Auze, na bado anakopa chumvi kwa jirani? Lakini mdomo wa mtu utauziba na nini? Harusi zikapita mlangoni kwetu na vigelegele vyake, hakuna aliyebisha hodi kumwita.

Lubna akapata mchumba, Faridi, kijana mpole, muuza vipuri vya pikipiki. Hapo ndipo Bi Asina, shangazi yake Faridi, alipokuja kupanga mambo. Akanywa chai yetu yote kwanza.

"Khadidja," akaniambia mimi, utadhani dada hayupo, "mukubwa wako apike, mukono wake tunaujua. Lakini chumbani asiingie. Aliyefungulia wanaume mulango ule hawezi kukaa na muke wa mutoto wetu."

"Na nani ataimba?" nikamuuliza. "We? Na sauti yako hiyo ya kuita kuku?"

Masomo wengine wa kufunda walikuwa wamekufa au wamekimbilia Uvira na Kigoma. Bi Asina hakutikisika.

"Mutoto wangu wa Brussels ametuma CD. Tutapiga hiyo."

"CD ya nani?"

"Si hiyo yake! Ile imekwisha kuwa ya watu wote."

Mtume wangu! Sauti inakaribishwa, mwenye sauti abaki jikoni! Nilitaka kummwagia chai usoni, ila alikuwa ameimaliza. Dada alinishika mkono. "Wacha," alisema. "Mutoto aolewe." Usiku huo sikumsikia akilia, na ningependa ningemsikia.

Siku ya harusi tulifanya yote mchana, maana jioni kuvrefe, serikali imekataza kutembea. Mambo ya chumbani, ambayo zamani yalisubiri wanaume walale, yalifanyika wanaume wakiwa uani palepale, wanasubiri pilau. Jikoni kulikuwa chini ya dirisha la chumba. Mwanvua alikaa hapo na gunia la vitunguu. Mimi niliingia ndani kwa ajili ya Lubna.

Lubna ameketi, kanga usoni, kimya kama inavyotakiwa. Bi Asina akabonyeza mashine. Dada yangu akaanza kuimba, sauti ya mwaka wa tisini na tano, kabla ya Halima kufa. Wanawake wakapiga makofi taratibu. Hakuna aliyecheka, mashine haikujui jina wala haikutanii. Ukafika wimbo wa mwisho:

*Nilikufunga kanga, nakufungua,*
*ulikuwa wangu, sasa...*

Pa! Pa-pa-pa! Bunduki zile zile, hawakuzikata, labda huko ndizo zinazonogesha. Sote tukajitupa chini. Mama mmoja akamlalia binti yake. Kisha mashine ikaendelea na filimbi ya wachungaji wa wapi sijui, tukainuka tunakung'uta magauni.

"Haya, imekwisha," alisema Bi Asina na kunyoosha mkono kwenye kanga.

Lubna akaing'ang'ania kwa mikono miwili. Kanga haifunuliwi mpaka wimbo uishe, na wimbo haukuwa umeisha. Bi Asina akaurudisha mwanzo. Ukakatikia palepale. Akaurudisha tena. Pa! Safari hii hakuna aliyelala chini.

"Bibi!" Lubna akaita chini ya kanga. Bibi harusi, ambaye hatakiwi kutoa hata pumzi ya kusikika! "Bibi, unimalizie!"

Nikakimbilia dirishani. Dada ameshika kisu, macho mekundu, na msinidanganye ni vitunguu. Aliwatazama wanaume wote uani: wajomba zake Faridi, Sulemani na mafundi wake, Faridi mwenyewe na koti lake la kuazima. Nikajua anapima nini. Aliyoyashikilia maisha yake yote, ambayo hata siku ya redio aliweza kuapa hakuyatoa yeye, sasa ayatoe kwa kinywa chake, mbele yao.

Akaweka kisu chini. Akasimama.

*...sasa u wako mwenyewe.*
*Ukichoka huko, mlango ni ule ule.*

Ndani, Lubna akaiachia kanga. Uani, wazee wakainamisha vichwa; mjomba mmoja wa Faridi akatema mate. Na Bonfils, kijana wa video tuliyemkodi, akamwacha bwana harusi na kumgeuzia dada kamera, anasogea kabisa, anatabasamu, anamwonyesha kidole gumba aendelee. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimebandika kiganja kwenye kioo cha kamera ile na ninamtukana mpaka wazazi wake.

Mwanvua hakuimba tena, hata kubembeleza vitukuu. Kaseti ya harusi iko kwa Lubna. Ukifika pale, picha yote ni kiganja changu. Lakini wimbo unasikika wote, mpaka mwisho, na wageni wakija Faridi huwawekea.