Mama Samahani

Pale karakanani walimwita Mama Samahani, naye hakuchukia. Amri zake zote zilianza hivyo: samahani fundi, kama huna haraka, ningeomba unifungie geti. Marehemu baba yake, aliyewaachia yeye na mdogo wake kazi ile ya kuchomelea vyuma, alikuwa mtu wa kufoka mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na mafundi walimkimbia mmoja mmoja. Binti akajiapiza: mimi sitamfokea mtu. Haya, vizuri. Lakini jamani, kati ya kufoka na kunong'ona si kuna nafasi tele ya kusema tu?

Siku hiyo lori lilileta tangi la petroli lililotoboka. Kila mchomeleaji anajua: tangi la petroli, hata likiwa tupu, hujazwa maji kwanza, maana mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche, kwisha habari. Bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi, na mwenye lori anapiga honi getini kama kichaa. Mdogo wake, fundi hodari kuliko wote na mtani wa kila mtu, akavaa miwani yake.

"Ah, dada, hili limekauka zamani. Nusa mwenyewe."

Alinusa. Harufu ya petroli bado ilikuwemo. Akasema, "Mimi nadhani... pengine tungesubiri maji yarudi. Lakini wewe ndiye fundi, utaona mwenyewe."

"Basi nimeshaona," mdogo wake akacheka, na wenzake wakacheka naye. Dada mtu akatabasamu, akaelekea ofisini kupokea simu. Kabla hajaufikia mlango, tangi likalipuka nyuma yake.

Mdogo wake alifia njiani, kabla hawajamfikisha hospitali. Pale nje ya hospitali mafundi na majirani wakakubaliana kama watu wanavyokubaliana siku zote: mkewe asiambiwe leo. Aambiwe hali si nzuri, azoezwe polepole, mengine atayajua kesho mbele ya wazee. "Nenda wewe," wakamwambia dada. "Wewe una maneno ya taratibu."

Alimkuta wifi yake jikoni. Habari za ajali zilikuwa zimeshamfikia, naye anahangaika kutia shati safi na kandambili kwenye kikapu, huku akimimina chai kwenye chupa.

"Afadhali umekuja, wifi. Yule bila sukari ya kutosha hanywi, unamjua. Wataniruhusu nimpe mwenyewe?"

"Wifi, hali yake..." Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini kabisa, na Mungu anajua alivyotamani kuyasema. Lakini alimwona mwenzake akiinama chini ya meza kutafuta kifuniko cha chupa, akaona atakavyokaa kwenye benchi la hospitali, kikapu mapajani, akingoja kuitwa, huku kila anayempita anajua isipokuwa yeye. Akashindwa.

"Weka chini hiyo chupa," alisema. "Mumeo amekufa. Tangi limelipuka, amefia njiani. Hakuna wa kupelekewa chai."

Wifi aliiweka chupa mezani. Machozi hayakuja mara moja.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Tangi lilikuwa na maji?"

"Halikuwa nayo."

"Na wewe ndiye mkubwa wao pale. Hukumwambia aache?"

"Nilimwambia nadhani tungesubiri."

"Ulidhani?"

Dada alitaka kusema ndiyo. "Hapana. Nilijua."

Wifi alimtazama kama mtu anayemwona mgeni nyumbani kwake.

"Mimi umeniambia," alisema. "Umenitazama usoni ukaniambia, neno kwa neno. Kumbe unaweza."

Hapo ndipo alipoanguka sakafuni akimlilia mumewe kwa sauti mpaka majirani wakaanza kuingia. Dada akakaa chini kando yake, mikono mapajani, asithubutu kumgusa.