Ndege wa Bawa Moja

Tangu afike Greenbelt, Marekani, kwa mwanawe Ombeni, Bibi Vaileth alikuwa hatulii. Akikaa, anainuka. Anafungua pazia, anafunga. Kazi zote za nyumba zinafanywa na mashine, mikono yake imekosa cha kushika.

Ukutani palikuwa na kitambaa cha kudarizi kilichozeeka hadi kuwa na rangi ya chai. Alikidarizi msichana wa ukoo wa Abigail, mke wa Ombeni, enzi zile Marekani ikitawaliwa na mfalme wa Uingereza. Kina maua, kina nyumba, na pembeni kuna ndege. Ndege mwenyewe ana bawa moja tu.

Jumamosi ile Audrey, mama yake Abigail, alikuwa anakuja kutoka Arlington. Kwao Bibi, Machame, mgeni akija, vitambaa vya makochi hufuliwa na kupigwa pasi. Kilichoachwa nusu hufichwa, watu wasije wakasema nyumba hii ina mvivu. Basi wenyeji walipokwenda dukani, Bibi akakitoa kwenye fremu, akachomoa sindano na uzi wa bluu mkobani, akadarizi bawa la pili. Angalau mikono ilitulia.

Ombeni ndiye aliyetangulia kuingia na mifuko.

"Mama! Umekigusa?"

"Nimemmalizia ndege wenu. Alikuwa anatia huruma, kama kuku kilema."

"Jamani, mama! Yule binti alifariki kabla hajamaliza. Ndiyo maana wanarithishana hivyo hivyo, mama kwa binti. Audrey hatatusamehe!"

Bibi akashika mkasi, akaanza kufumua mbiombio. Kitambaa kikalia *kss*, nyuzi za zamani zikaachia. Akaacha.

Kengele ya mlango ikalia.

"Kirudishe kwenye fremu, haraka! Nitamweleza baadaye."

"Utamweleza nini, baba? Bawa si ataliona?"

Bibi akampita, akafungua mlango mwenyewe, sindano ingali inaning'inia kwenye kitambaa. Akamnyooshea Audrey. "Nisamehe, mkwe." Akaonyesha bawa, akajigusa kifua. "Ni mimi. Sikujua."

Audrey akaketi palepale kwenye kiti cha kuvulia viatu. Akapitisha kidole juu ya bawa, akarudia. Hakulia, hakucheka. Kisha akasema jambo kwa Kiingereza.

"Anauliza," Ombeni akatafsiri, "kama unaweza kulitoa bila kukichana."

"Naweza. Ila polepole, uzi mmoja mmoja. Na yeye akae hapa anishikie taa."

Audrey akasikiliza tafsiri. Akavua koti.