Vijiti Vilivyosimama

Saa kumi na mbili jioni, kati ya kipindi cha hesabu na cha Kiingereza, Garam alimimina maji ya moto kwenye tambi za kikombe, katika duka lililo chini ya jengo la tuisheni jijini Daegu. Mkono mmoja ulishika kitabu, wa pili simu. Hakuwa na pa kuweka vijiti vya kulia, akavichomeka katikati ya tambi, vikasimama wima.

Kila mtoto wa Korea ameshakaripiwa kwa kosa hilo. Chakula huchomekwa kijiko siku ya kumwandalia marehemu tu, ndiyo namna ya kumkaribisha mezani. Lakini Garam alikuwa na miaka kumi na minne na njaa kali, akasahau. Bibi yake mzaa mama, aliyefariki mwaka juzi, akasukuma mlango wa duka akaingia.

"Shikamoo, bibi," alisema Taeung, muuzaji. "Usikalie kiti kile cha mwisho, kinayumba."

"Marahaba, baba." Bibi akakaa kando ya mjukuu wake, akavuta kikombe, akaonja. "He! Chumvi hii si ya kusindika kabichi za mtaa mzima?" Hata hivyo alizimaliza tambi zote, maana alikuwa ameitwa. "Haya niambie, huwa unakula na nani?"

"Na simu."

"Na mama yako?"

"Anakula kazini. Akirudi nimeshalala."

Bibi alimpangusa mdomo kwa kidole gumba, kama zamani. Garam aliona haya mbele ya wenzake wa tuisheni waliokuwa dukani, na akafurahi sana.

Tangu hapo Garam akawa ananunua tambi ili apate pa kuchomeka vijiti. Bibi alikuja na vibakuli vyake: mchicha wenye mafuta ya ufuta, samaki wa kukaanga, supu ya soya iliyochachuka.

"Bibi, supu inanuka! Watanicheka."

"Wacheke wameshiba. We mtoto, unatazama nini? Lete bakuli."

Wenzake walicheka kidogo, wakaleta mabakuli, halafu nao wakaanza kusimamisha vijiti. Mwezi haukwisha, duka likajaa mabibi waliokufa, wakibishana kwa sauti kuhusu vitunguu saumu. Taeung aliagiza viti zaidi. Watoto walinawiri, wakaacha kusinzia darasani. Wenye tuisheni walipoona hivyo, wakaongeza kipindi kimoja, na wazazi wakashukuru.

Jumapili moja isiyo na tuisheni, Garam alipika wali mwenyewe, akapakua mabakuli mawili. Mama alikuwa ameahidi kurudi mapema. Saa moja jioni akaandika kwamba kazi imemshika. Garam alilitazama bakuli la mama yake. Kama vijiti viliweza kumtoa bibi kaburini, kumtoa mtu ofisini kuna ugumu gani? Akachomeka kijiko katikati ya ule wali, akangoja.

Aliyeingia alikuwa bibi, akihema, hata viatu hakuvua. Akakichomoa kijiko, akakilaza mezani.

"Huyu yuko hai," alisema. "Usimwite hivi, mjukuu wangu. Usirudie kabisa."

"Sasa nimwiteje?"

Bibi alikuwa amejifunza mengi huko alikokwenda, lakini hilo halikuwamo. Akalifunika bakuli, akalizungushia blanketi, akaliweka kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, pale penye joto zaidi, kama alivyokuwa akimwekea binti yake huyo huyo alipokuwa msichana na kuchelewa kurudi kutoka shule. Kisha wakala wawili.

Asubuhi bakuli lilikuwa tupu, limeoshwa. Mama alikuwa ameshaondoka. Kwenye simu aliacha ujumbe: "Mwanangu, wali ulikuwa wa moto mpaka chini. Nimemkumbuka mama, nikalia kidogo. Leo pia nitachelewa. Kula dukani."

Jioni Garam alimimina maji, akasimamisha vijiti, akamsogezea bibi kiti kisichoyumba.

"Alikula?" bibi aliuliza hata kabla ya kukaa.

"Alikula wote."

"Na nani?"

Garam alitazama tambi zake. "Peke yake."

Bibi alifungua vibakuli kimoja kimoja, akamwekea mjukuu wake kipande cha samaki alichokwisha kukitoa miiba.

"Haya, kula upesi," alisema. "Kengele inakaribia."